Mvuta Kiko wa Kisondela

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, nilikuwa mwalimu mgeni Tukuyu, kichwa kimejaa hadithi za wale wapelelezi wa vitabuni wanaotazama mkono wa koti lako wakakutajia kazi yako na dhambi zako. Nami nikajiona mpelelezi. Nilikuwa na miwani, na suruali ya mtumba, zile nguo tulizoziita kafa Ulaya kwa kuamini wenyewe wamekufa huko.

Asubuhi moja mzee wa kanisa kutoka Kisondela alikuja ofisini kumwulizia mjukuu wake. Alivaa koti zito la sufu. Kabla hajaketi, nikawanyamazisha walimu wenzangu, nikalizunguka lile koti, nikanusa hadi kola.

“Mzee, wewe unavuta kiko,” nikatangaza. “Unafuga mbwa mweupe. Tena ulikuwa mnene, ukakonda ghafla.”

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Ndaga, mwalimu,” akashukuru kwa Kinyakyusa. “Koti hili nimelinunua sokoni juzi. Marehemu umempatia kabisa. Sasa nitazame na mimi.”