Nani Anajua Kupita

Mama mdogo alituma neno kutoka Zambia kwa mdomo wa dereva wa lori. Angekuja kabla shule hazijafunguliwa, na angechukua mtoto mmoja. Mmoja tu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa ndogo. Angemchukua yule anayejua Kiingereza kuliko mwenzake, maana kule mtoto asiyekijua anakalishwa na watoto wa darasa la kwanza.

Tulikuwa watatu. Mimi mkubwa, niliyeacha shule baba alipomfuata mama kaburini. Halafu mdogo wangu wa kiume. Halafu wa kike, wa mwisho. Baba alikuwa fundi kwenye mashimo ya shaba ya Mashamba, hapa Kolwezi. Kampuni iliyotulisha, ikatusomesha na kututibu ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu, na walimu wa shule ya kambi walikuwa wameacha kuja. Mtu mmoja tu niliyemfahamu alijua Kiingereza: jirani yetu wa zamani, mwalimu wa sekondari. Naye alikuwa Mkasai.

Mwaka ule watu wa Kasai waliambiwa kwamba Katanga, mkoa wetu, si kwao, hata wale waliozaliwa Kolwezi. Vijana wa mtaa wetu walipita nyumba kwa nyumba, na baadhi yao nilisoma nao. Mwalimu na mkewe walitoka na watoto wao na vile walivyoweza kubeba, wakaenda kulala kwenye kituo cha treni, chini ya hema la plastiki, wakingoja behewa la kwenda Kasai kama wengine wote.

Huko ndiko nilikowapeleka wadogo zangu, kitenge nimekivuta hadi kwenye paji la uso. Kwenye njia panda vijana walinitambua vilevile.

“We mama, unahama nabo? Uko Mukasai tangu lini?”

Niliwashika watoto mikono, nikaongeza mwendo.

Mwalimu alikubali kabla sijamaliza kuomba. Alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, na jua lilikuwa kali. Aliwasimamisha wadogo zangu pamoja na mwanawe, akawapanga kwa urefu. Tall, taller, tallest. Neno fupi linavaa mkia, alisema. Neno refu halivai, linatanguliwa na more, kisha most. Wakiwa wawili, mmoja ni taller. Tallest inangoja wawe watatu au zaidi. Nami nilijifunza, nimekaa nyuma yao juu ya fungu la nguo la watu wengine.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mgumu wa kushika. “My sister is more better,” alisema, na watoto wa kituoni, waliokuwa wamekusanyika kutazama, wakacheka.

Mwalimu alishika kola za makoti yake. “Angalia mi. Nimevaa makoti mbili kwa jua hii. Juu ya nini? Sababu sina valizi ya kutia nguo. Lakini better iko na koti yake. More ya nini tena?”

Hata mkewe alicheka. Mimi nilitazama chini.

Mkewe alifunua sufuria, akatugawia sisi kwanza bukari, ugali wa kwetu, kabla ya watoto wake.

“Apana, mama,” nilisema, “tumekula.”

“Mumekula wapi? Kaa. Mugeni haondoke na njaa.”

Watoto wake waliifuata mikono yetu kwa macho. Siku ile ndipo mwalimu alipotufundisha bad, worse, worst, maneno yasiyofuata njia ya wenzao, nami nikayarudia nikiwa na bukari yao mdomoni.

Nyumbani kwetu mama alikuwa ametuachia desturi moja. Anayekata bukari hasemi kipande kipi ni kikubwa. Wa mwisho kuzaliwa ndiye anayechagua kwanza, na mkataji anachukua kinachobaki. Tangu alipofariki mimi ndiye niliyekata, na sikuwahi kutamka kwamba mtoto huyu anampita yule kwa jambo lolote.

Mama mdogo alipofika, aliwauliza wadogo zangu maneno machache ya Kiingereza wamesimama mlangoni. Wote wawili walijibu kwa woga. Gari lilikuwa linamngoja, akanigeukia.

“Wewe ndiye mukubwa yao. Sema, nani anajua kupita mwenzake?”

Mdogo wangu wa kiume aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

“Tumuulize mwalimu,” nilisema.

Nilichukua mfuko wa unga niliokuwa nimemwekea kwa ajili ya kumshukuru, tukaenda kituoni sote wanne. Mahali pake palikuwa na bibi mmoja aliyekaa juu ya godoro lililokunjwa.

“Treni ilipita asubuhi,” alisema. “Bote ba upande huu balipanda.”

Kisha akautazama unga. Akautazama kwa muda, halafu akageuza uso kwa adabu, kama mtu aliyeona asichopaswa kuona. Nami niliukumbatia ule mfuko.

“Basi sema wewe,” mama mdogo aliniambia.

“Wa kike,” nilisema.

Mdogo wangu wa kiume aliinua kichwa. “She is better than me.” Hakuweka more.

“Kumbe na huyu anajua!” mama mdogo alisema, akacheka. Lakini gari lilikuwa linangoja, na nyumba yake ilikuwa bado ndogo.

Sikuwa na valizi ya kumpa mtoto. Nilimvalisha magauni yake mawili, moja juu ya lingine. Mwenyewe alijifunga kifungo cha juu.

Jioni nilikata bukari ya ule unga wa mwalimu, vipande viwili, nikamsogezea mdogo wangu sahani.

“Chagua.”

“Apana, yaya,” alisema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. “Leo chagua wewe.”

Nilikataa, naye akakataa. Mvuke ulipungua juu ya sahani, na tulikuwa na njaa ya tangu jana. Mwishowe tulinyoosha mikono kwa pamoja, bila kutazamana. Unga ule ulikuwa mpya, wa mahindi matupu, bila muhogo. Tulikula tukamaliza, kisha nikakwangua sufuria. Ilikuwa bukari tamu kupita zote tulizokula mwaka ule.