Anayemaliza Kwanza Akachote Maji

Wanafunzi wangu wa chuo kikuu huniuliza nilisomea wapi habari za watoto wenye vipaji. Wanategemea nitaje ng'ambo. Ng'ambo nilikwenda, shahada ninazo, na uprofesa wangu sikuuokota njiani. Lakini somo lenyewe nilifundishwa Pito, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, nikiwa mwalimu wa darasa la sita, binti mbichi kutoka Msanzi mwenye mdomo usiojua kutulia.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Maduka ya mtaa wa Majengo pale mjini, ambako hata chumvi ilikuwa ya foleni, yakajaa sabuni za kunukia, redio na mitumba, na kila mtu akaambiwa ajitafutie njia yake. Shuleni kwetu, thubutu! Watoto wote hesabu zile zile, kwa wakati ule ule, na majibu kwa pamoja kama kwaya. Tena tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewahi kuihoji: anayemaliza kwanza asikae bure, achukue ndoo akawachotee walimu maji kisimani, chini kabisa ya mteremko. Upepo wa Ufipa asubuhi ya mwezi wa sita mnaujua wenyewe. Unarudi na ndoo kichwani, vidole vimekufa ganzi.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike, wa familia ya Wasukuma waliohamia kwetu na ng'ombe wao. Ripoti zake zote zilimwita wa wastani. Siku moja nimesimama nyuma yake, nikamwona anaandika jibu, analifunika kwa kiwiko, kisha anakaa anachezea kalamu mpaka wenzake wanyooshe mikono. Ndipo naye akanyoosha. Nikamwita pembeni.

"Kwa nini unasubiri?"

"Mwalimu, maji ni mazito," akasema, kana kwamba ananieleza jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Jamani, nilikasirika! Tulikuwa tunawafundisha watoto wenye akili kuzificha. Kuanzia siku hiyo nikaugawa ubao sehemu tatu: hesabu za wanaojikongoja, za wanaotembea na za wanaokimbia. Ukimaliza zako unapanda sehemu inayofuata, na kwenye kipindi changu haendi mtu kisimani. Mwalimu mkuu, mtu mzima aliyeamini usawa kwa moyo wake wote, akanijia juu.

"Binti, unawabagua watoto. Hii ni shule, siyo treni yenye daraja la kwanza na la tatu."

"Samahani mzee, lakini darasa zima tukilivisha viatu vya saizi moja, huo nao ni usawa?"

Hakucheka.

Wakati huo huo nikapata habari kwa baba wa yule mwanafunzi: baada ya mavuno familia inateremka na ng'ombe kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na binti wanaondoka naye. Angekuwa na akili za kupita kawaida, alisema, angemwacha kwa shangazi yake hapo Pito amalize shule. Kwa wastani tu, ya nini? Nilimwelewa, na roho iliniuma. Nikamwomba aje aone mwenyewe.

Akaja, fimbo mkononi, nikamwamkia, akaketi benchi la nyuma. Mara mwalimu mkuu naye akaingia, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nikaona mambo yameharibika, maana mbele yake ni mtoto gani angethubutu kumaliza kwanza? Nikaandika kwenye sehemu ya wanaokimbia swali la tangi linalojazwa kwa bomba moja huku likivuja kwa jingine. Binti akaandika upesi upesi. Halafu kiwiko kikashuka juu ya daftari.

Akamtazama mwalimu mkuu. Akageuka akamtazama baba yake. Kisha akanyoosha mkono, peke yake, wenzake wote bado wameinama, akaenda ubaoni akalieleza swali hatua kwa hatua kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao. Mwalimu mkuu akakagua kila mstari.

"Sahihi," akasema. Na kwa mazoea tu, wala hakuwa na ubaya, akaongeza, "Haya, chukua ndoo."

Binti akaanza kwenda. Baba yake akainuka, akaegemeza fimbo ukutani, akamtangulia kuishika ile ndoo. Mzee mzima mwenye zizi lake, na ndoo ya maji! Darasa likaangua kicheko, na yeye hakujali.

"Kisima kiko wapi?" akamwuliza mwalimu mkuu. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, mwongezee hesabu."

Baada ya mavuno ng'ombe waliteremka bondeni, binti akabaki Pito kwa shangazi yake.