Mtoto Aliyesema Nzoka

Nalea watoto wa wenzangu hapa Bariadi, nyumbani kwangu, kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta wa matofali ya kuchoma. Wazazi wananiita mwalimu, watoto wananiita ticha, na ualimu sijausomea hata siku moja. Ila kazi hii nimeifanya kiasi kwamba mtoto akishushwa getini asubuhi namtazama mara moja tu, najua kama amelala vizuri, kama amechapwa, kama baba yake amerudi kutoka safari. Jicho hilo nilijivunia sana. Wamama walipokuwa wakisema sokoni kwamba kwa yule mwalimu huwezi kuficha homa ya mtoto, nilijifanya sisikii, na kila neno nalisikia.

Mtoto ninayemsema aliletwa kwangu msimu wa kupalilia pamba, bado hajafikisha miaka mitatu. Mama yake anauza mchele karibu na stendi. Tangu alipoachishwa ziwa alikuwa kwa bibi yake Ngulyati, kwa hiyo alikuja na Kisukuma kitupu. Asubuhi alikuwa anawasalimia kuku wangu, "Mwangaluka," kwa heshima zote, halafu anasimama kusubiri wamjibu. Kwangu uwanjani ni Kiswahili tu, wazazi wa mjini ndivyo wanavyotaka, na mimi Msukuma wa Mwandoya nilikuwa mkali kwa hilo kuliko mtu wa pwani. Lakini kwa wale kuku nilimwachia. Alikuwa ananichekesha mno.

Alikula vizuri, alilala vizuri, na baada ya uji alikwenda mwenyewe kukaa kwenye poti pamoja na wenzake. Poti tulikuwa tunazipanga kwenye kivuli cha ukuta, nyuma ya jiko.

Wakati huo fundi alikuwa ameanza kunichimbia choo kipya hukohuko nyuma ya jiko. Alifika katikati, mvua ikanyesha vizuri, akaenda zake kwao Kiloleli kulima. Akaniachia shimo limefunikwa bati na mawe manne. Mtu mwenye akili angejenga uzio. Mimi niliwaita watoto, nikawaambia kule kwenye bati kuna nyoka mkubwa anakaa shimoni, anakula watoto wasiosikia. Wakubwa hawakuniamini. Basi nikachukua mpira mweusi wa kumwagilia maji, nikauviringisha pale kando ya bati, kichwa chake nikakielekeza kwenye njia, nikawapeleka wauone kwa mbali. Mpaka na mlio niliwatolea, "Ssss." Walikimbia wakianguka, na mimi nikacheka hadi machozi. Kuanzia hapo hakuna aliyesogea kwenye shimo. Poti sikuzihamisha.

Siku chache baadaye yule mtoto akabadilika. Hakubadilika polepole kama mtoto anayeota meno. Aliamka mtoto mwingine. Aligoma poti, nikimkalisha anakakamaa kama mti, miguu haipindi. Uji akausukuma. Akamng'ata mwenzake shavuni, yeye ambaye alikuwa anagawa mpaka viazi vyake. Wakati wa kulala alinishikilia kanga, nikijaribu kunyanyuka anapiga kelele. Kuku hakuwasalimia tena.

Niliona siku ileile. Hilo siwezi kujinyima, niliona. Nilimpakata, nikamuuliza, "Unaumwa wapi?" Akajishika tumbo kwa mikono yote miwili, akanitazama machoni, akasema, "Nzoka."

Nikambonyeza tumbo. Lilikuwa gumu kama ngoma.

Sasa, asiyekuwa wa kwetu inabidi nimweleze. Nzoka kwa Kisukuma ni nyoka, yule wa kawaida anayetambaa. Lakini nzoka pia ni ugonjwa wa tumbo. Tunasema mtu ana nzoka, maana kuna kitu ndani kinamtembea, kinamkaza, kinamnyima chakula. Nimekua nikiwaona watoto wa Mwandoya wakinyweshwa mizizi ya nzoka, na mimi mwenyewe nimenyweshwa. Kwa hiyo mtoto mdogo kushika tumbo na kutaja ugonjwa wake kwa jina, kwangu ilikuwa ni ajabu ya kupendeza. Nilimbusu. Nikasema huyu ana akili kuliko daktari.

Jioni mama yake alipokuja nilimweleza, na nilimweleza kwa raha, kama mtu anayetoa habari njema. Akasema, "Mwalimu, basi kesho nimpitishe zahanati kwanza, wamwangalie."

"Zahanati watampa vidonge vya minyoo," nikamwambia. "Nzoka haisikii vidonge. Bibi yake yupo Ngulyati hapo, unahangaika nini?"

Yule mama ni mdogo kwangu, na alikuwa ananiheshimu. Akasema, "Sawa mwalimu, kama wewe unasema." Maneno hayo nayasikia mpaka leo, na kila nikiyasikia natamani angekuwa mbishi.

Bibi alikuja kesho yake na chupa ya soda iliyojaa maji ya mizizi, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Ni mama mnyoofu, amefunga kitenge chake vizuri, na kwa mjukuu yule angetoa hata jicho. Hakutaka kumsumbua binti yake kwenye biashara, akaja moja kwa moja kwangu. Nilimkaribisha kiti, tukasalimiana kwa kirefu, Kisukuma, ndani ya uwanja wangu wa Kiswahili tu.

"Mayu, nisaidie kumshika," akaniambia. "Hii ni chungu."

Nilimpakata, nikambana mikono yake chini ya mkono wangu, na mkono mwingine nikamshika taya. Alikuwa akilia, "Nzoka, nzoka," na bibi akawa anambembeleza, "Ee, ng'wana wane, inatoka sasa hivi, inatoka." Mimi nikamwambia anyweshe tena, maana nusu alikuwa ameitema. Bibi alisita, akasema kwa umri wake hiyo inatosha. Nikasema, "Ameitema, mama. Ongeza." Akaongeza.

Jioni mtoto alikuwa anatapika na kuharisha kwa pamoja. Mpaka mama yake anafunga biashara na kuja, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Tulipanda bajaji, hospitali wakampokea na kumtundikia dripu. Daktari, binti mdogo tu, aliuliza amepewa nini. Mama akanitazama mimi. Nikasema, "Dawa ya kienyeji, ya tumbo." Sikusema ni nani aliyetaka iongezwe.

Asubuhi nilirudi na uji kwenye chupa ya chai. Mama yake alikuwa ameinamia kitanda, mtoto ametulia kidogo, na daktari alikuwa amesema hatari imepita, isipokuwa mtoto alikuwa amejaa choo cha siku nyingi, kana kwamba alikuwa anakizuia. Tukaanza kumshukuru Mungu. Hapo mtoto akafumbua macho. Aliangalia mpira wa dripu uliokuwa umejikunja juu ya shuka, ukateremka, ukaja mpaka kwenye mkono wake. Akapiga ukelele mpaka wodi nzima ikageuka. "Nzoka! Nzoka!" Alikuwa anavuta mkono, anaurudisha nyuma, macho hayatoki kwenye ule mpira.

"Tumbo linamuuma tena," mama yake akasema, akaanza kumsugua tumbo. "Nesi! Tumbo!"

Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya uji mkononi, nautazama ule mpira. Halikuwa tumbo. Mtoto hakuwa ametaja ugonjwa wowote, wala hajui kama kuna ugonjwa unaitwa hivyo. Mimi nilisema nyoka. Yeye akalibeba neno langu mpaka kwenye lugha ya bibi yake, akanirudishia nzoka, na mimi nikalisikia kwa masikio ya Mwandoya. Alikuwa ananiambia kuna nyoka pale kwenye poti, ticha, naogopa kukaa. Tumbo alilishika kwa sababu alikuwa amebana choo. Alikuja kwangu kushtaki, na aliyemtisha ni mimi.

Nilimweka mtoto kwenye kanga yangu, nikaufunika ule mpira na taulo. Akanyamaza palepale. Mama yake akanishukuru, "Wabeja, mwalimu. Wewe unamjua kuliko sisi." Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nikarudi nayo nyumbani.

Nyumbani niliukatakata ule mpira kwa panga, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Poti nikazihamishia barazani. Kisha nikakaa nikitafuta namna ya kumwambia mama yake ambayo ingeniacha na heshima kidogo, nikaikosa. Siku walipotoka hospitali nilikwenda kwao nikamweleza yote: shimo, mpira, mlio wa ssss, na bibi alivyosita.

Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza, halafu akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mwanangu hakuwa anaumwa."

"Hakuwa anaumwa."

"Mnyweshaji ni mama yangu, na aliyemwambia aongeze ni wewe."

"Ni mimi."

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nayahitaji, nadhani. Badala yake akasema, "Mama yangu asijue. Amekuwa halali, anasema amemuua mjukuu wake kwa mkono wake. Akijua kwamba dawa yenyewe haikutakiwa, itakuwaje?" Halafu akaokota ungo. "Jumatatu nitamleta. Nitampeleka wapi tena? Sokoni kwenye vumbi na pikipiki?"

Kwa hiyo bibi yake bado anajiona ndiye aliyekosea kipimo. Tukionana barabarani ananishukuru kwa kumpeleka mtoto hospitali, na mimi naitikia.

Mtoto alirudi Jumatatu. Nilimchukua mkono, tukaenda kuangalia nyuma ya jiko, nikamwonyesha hakuna kitu, fundi nilishamwita akalifukia shimo. Nikamwambia kwa Kisukuma, lugha niliyomkataza, kwamba nzoka hayupo, ticha alidanganya. Alisikiliza vizuri sana. Siku hiyo alikaa kwenye poti bila neno. Alikunywa uji wote, alilala, hakumng'ata mtu. Wiki nzima hivyo. Wazazi wengine wakaanza kusema, yule mtoto wa mchele ametulia, umemfanyaje mwalimu? Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kufurahi. Nilisema watoto wanasahau.

Halafu ikawa mchana mmoja upepo ukalibamiza geti. Nilisikia mlango wa chuma ukigonga, sikusikia kilio, nikaendelea kuosha vikombe. Dada anayenisaidia ndiye aliyeona matone kwenye sakafu ya baraza. Tuliyafuata mpaka nyuma ya pipa la maji. Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja ameuficha ndani ya fulana, na fulana imelowa damu mpaka kiunoni. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Midomo ameibana kabisa.

Nilipiga magoti, nikasema, "Umeumia? Baba, umeumia wapi? Nionyeshe."

Akatikisa kichwa. Akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa ukuta, na kwa Kiswahili safi, kile nilichomfundisha mwenyewe, akaniambia, "Siumwi, ticha. Siumwi popote."