Mwimbaji wa Nyuzi Jazz Hajafa

Baba yangu na shangazi yangu walikaa nyumba moja miaka thelathini na tisa bila kusemezana. Nyumba waliachiwa na bibi, wote wawili, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kufunga virago. Baba alileta mbao akaigawa korido katikati: upande wa barabarani wake, upande wa uani wa shangazi. Bomba la maji lilikuwa moja, kwa hiyo likawekewa zamu. Mimi, mtoto pekee wa baba, ndiye niliyekuwa mpeleka maneno.

"Mwambie baba yako redio yake inanitoboa masikio," shangazi angesema, na baba yuko hatua tatu tu kutoka hapo, nyuma ya mbao, anasikia kila neno.

"Mwambie shangazi yako masikio ni ya kwake, ayazibe."

"Shangazi, umesikia," ningesema, na mjadala unafungwa.

Chanzo cha ugomvi nilikiokota vipande vipande, hasa kwa marehemu mama. Ujanani wote wawili walifanya kazi kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa na bendi yake, Nyuzi Jazz. Baba alipiga dramu. Shangazi alitolewa kwenye mashine za kusokota nyuzi akapewa kipaza sauti, na watu wakambatiza Sindano, kwa sababu sauti yake ilikuwa nyembamba na ilichoma. Kiongozi wa bendi aliitwa Kapteni. Mchana alikuwa msimamizi wa wafanyakazi, jioni alishika tarumbeta, na kote kuwili hakupenda kuulizwa maswali.

Shangazi alitunga wimbo, "Zamu ya Pili", wa mwanamke ambaye mumewe anamwona getini tu, mmoja akitoka kazini na mwingine akiingia. Wimbo ulishika mji mzima. Santuri ilipotoka, karatasi ya katikati iliandikwa kwamba mtunzi ni Kapteni. Jina la mwimbaji halikuwepo hata kwa herufi ndogo. Shangazi akauliza. Kapteni akaitisha kikao, akasema huyu binti analeta mgawanyiko, tupige kura abaki au aende. Wakanyoosha mikono watu sita. Mmoja wao alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Alitoka kwenye bendi, na wiki haikuisha akatolewa na kiwandani. Akapata kazi ya dobi hospitalini. Huko alikaa miaka yote hiyo, kwenye chumba chenye mvuke, anapiga pasi mashuka, foronya na magauni ya wagonjwa. Mvuke ulimharibu koo. Akiongea unadhani anakwangua sufuria. Mikono yake ilikuwa na makovu ya pasi hadi viwikoni. Kuimba hakuimba tena, hata jikoni. Ukimsifia kitu anakukata jicho, ukimhurumia ndiyo umejitafutia balaa.

Kiwanda nacho kilikuja kufungwa. Kapteni akafa, wengine wakatawanyika, Nyuzi Jazz ikabaki jina ambalo vijana hawajawahi kulisikia. Ndipo mtangazaji mmoja wa redio ya mjini akaanzisha kipindi cha kukumbuka bendi zilizosahaulika. Alikuwa kijana mtaratibu, miwani mikubwa, anashika santuri kama anashika yai. Mtu akamwelekeza kwa baba.

Alikuja asubuhi, shangazi akiwa kazini. Baba alivaa shati la mikono mirefu akamwaga picha zote mezani. Aliongea saa nzima, na lazima niseme aliongea vizuri. Sare za bendi zilivyoshonwa kwa kitambaa cha kiwandani. Ukumbi ulivyofurika mpaka watu wakacheza barabarani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikimsikiliza mtu ambaye sikuwahi kumjua.

Mtangazaji akauliza, "Na huyu dada aliyeimba 'Zamu ya Pili', mzee wangu? Sijapata jina lake popote."

Baba alitazama mbao za korido. Kisha akasema, "Yule alishafariki. Zamani sana."

"Aliugua?"

"Alifariki tu."

Mtangazaji akainamisha kichwa kwa heshima. Mimi nikanyamaza. Nilisindikiza mgeni hadi barabarani, nikamuaga vizuri. Shangazi aliporudi jioni akaniuliza ni nani aliyekuja. Nikamwambia, mgeni wa baba.

Kipindi kilirushwa Jumatano saa nne asubuhi. Kule hospitalini, redio ya madobi hukaa juu ya kabati la sabuni, inawashwa zamu inapoanza na kuzimwa zamu inapokwisha. Yaliyotokea nilisimuliwa na dobi mwenzake, mama mmoja mnene anayependa kucheka, ambaye siku hiyo alisimulia bila kucheka.

Shangazi alikuwa anakunja shuka na huyo mwenzake, kila mmoja ameshika pembe zake. Sauti ya baba ikatoka kabatini. Shangazi akaacha kukunja. Wakasikia swali, wakasikia jibu, kisha mtangazaji akasema kwa upole kwamba msanii huyu apumzike kwa amani, na wimbo ukaanza.

"Sauti nzuri hiyo," mwenzake akasema. "Masikini, na alishakufa."

"Vuta upande wako," shangazi akamwambia. "Shuka linaburuza."

Walikunja mpaka zamu ikaisha. Ila mwenzake aliona kwamba shangazi hakubadilisha nguo. Alitoka getini na aproni yake ya kazi, akashika njia ya kwenda redioni kwa miguu.

Mapokezi walimwambia asubiri. Alisubiri amesimama. Mtangazaji alipotoka, shangazi alimwambia, "Mimi ndiye maiti yako."

Kijana alidhani amepata mgonjwa wa akili. Akamwomba kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma, akasema kwa adabu, "Mama, nisamehe, lakini jina hili halipo kwenye santuri."

"Najua halipo. Ndiyo maana niko hapa."

"Basi labda ungeimba kidogo, nisikie..."

"Siimbi. Na hata ningekuwa naimba, nisingekuimbia wewe. Kalete santuri." Akavuta kiti akakaa. "Ubeti wa pili, neno la mwisho halisikiki. Nilicheka. Kijiti kilimponyoka mpiga dramu kikampata mpiga besi kisogoni. Hesabu, utakuta dramu imepotea mapigo manne. Kapteni alikataa turudie, alikuwa na haraka ya kwenda kujisifu."

Kijana aliiweka santuri. Alikuwa ameshaisikiliza, kwa maneno yake mwenyewe, zaidi ya mara ishirini. Ubeti wa pili ukafika. Neno la mwisho likamezwa, na chini yake, palipotakiwa kuwa na dramu, palikuwa kimya. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha dramu ikarudi ikikimbia kama iliyochelewa kazini.

"Huyo anayekimbia ni kaka yangu," shangazi akasema. "Aliyekwambia nimekufa."

Mtangazaji alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akataka kumrekodi hapo hapo. Shangazi akakataa.

"Kinasa sauti sikitaki. Wewe una mkasi. Nataka moja kwa moja hewani, muda uleule uliotumia kunizika."

Jumatano iliyofuata aliomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nilibaki nyumbani na baba. Sikumwambia kitu, na najua ningeweza kumwambia. Alijua tu kwamba kipindi kinarudi kwa Nyuzi Jazz, akadhani wamempenda. Akaita majirani watatu, akatoa redio barazani, akaiongeza sauti.

Mtangazaji alianza kwa kumwomba radhi mgeni wake na wasikilizaji. Kisha akauliza, "Mama, zile enzi zilikuwa tamu, sivyo?"

"Tamu kwa nani?" sauti ya kukwangua ikajibu. Baba akaganda na kikombe mkononi.

Shangazi hakumaliza dakika ishirini. Alisema kwamba mji ulikuwa na bendi nyingi, na zote zinasifiwa sasa kwa sababu hakuna anayezikumbuka vizuri. Akataja bendi ya posta, ambayo mpiga gitaa wake alikatwa vidole na mashine ya mihuri na wenzake wakaajiri mwingine kabla hajatoka wodini. Akataja Mapacha wa Stesheni, akasema waimbaji wake wa kike walikuwa wanne na hakuna picha inayoonyesha hata mmoja. Akawataja wote wanne, polepole, mtangazaji aandike. Kisha akafika kwa Nyuzi Jazz. Akaeleza nani alitunga wimbo na nani alijiandikia. Akaeleza kikao. Akasema, "Nitawataja walionyoosha mikono, kwa mpangilio walivyoinyoosha." Akaanza na baba yangu, majina yake matatu.

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Wa mwisho alisahau kofia yake, na hakurudi kuichukua.

Shangazi alipoingia nyumbani, baba alikuwa anamsubiri uani, upande usio wake. Nilijiweka katikati kwa mazoea. Baba akanisogeza kwa mkono.

"Wewe mwanamke," alisema, "umenivua nguo mbele ya mji mzima!"

"Wewe uliniua, kaka. Mimi nimekuvua nguo tu."

"Ulitaka nifanyeje siku ile? Mke wangu alikuwa na mimba ya huyu hapa." Alinionyesha kidole kana kwamba nilikuwa nimefanya makusudi. "Kapteni ndiye aliyekuwa anaandika nani abaki kiwandani na nani aende. Ningeacha mkono chini, tungekula nini?"

"Najua. Mkeo aliniambia siku ileile, akilia. Mkono wako ungekuwa wa sita, ningekuelewa. Hata wa tatu." Alivua aproni akaitundika kwenye kamba. "Lakini ulikuwa wa kwanza. Kapteni hakuwa amemaliza hata swali lake. Wale watano walikuwa wanakuangalia wewe kwanza. Mpiga besi aliniambia kabla hajafa: kama kaka yake kanyoosha, sisi ni nani?"

Nilimsubiri baba aseme si kweli. Alitazama chini, kwenye sementi iliyolowana, na nilimwona anazeeka pale pale aliposimama. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, "Na kwa nini hukusema kwa miaka yote hiyo?"

"Hukuniuliza."

Hawakupatana. Watu walipenda sana kuniuliza hilo, wakitegemea niseme walikumbatiana. Mbao za korido ziko pale pale. Baba aliacha kukaa barazani kwa miezi. Mtoto wa Kapteni, mtu mzima mwenye suti, alikuja kumwomba shangazi aache kumchafua marehemu. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Baba yako alikuwa na tarumbeta nzuri na roho mbaya. Chagua moja ukaitetee." Akamfungia mlango. Na mimi nilipojaribu kumwomba samahani kwa kunyamaza siku ile ya mgeni, alinitazama usoni.

"Umefanana na baba yako," akasema. Aliniacha na maneno hayo wiki mbili nzima bila salamu.

Mtangazaji ndiye aliyeendelea kuja. Aliandaa maktaba ya santuri za zamani hapo redioni, kila moja na kadi yake. Siku moja alituletea kadi ya "Zamu ya Pili", imechapwa kwa mashine, ameibeba ndani ya bahasha ngumu isikunjike. Mtunzi na mwimbaji, na chini yake jina kamili la shangazi. Alikuwa anatabasamu. Nadhani alitegemea machozi.

Shangazi alivaa miwani yake. Alisoma, akarudia kusoma.

"Jina la ukoo umelipunguza herufi," akasema.

"Oh. Mama, nisamehe, ni herufi moja tu, ningeweza kuiongeza hapa kwa kalamu..."

"Kalamu hapana. Ulinizika bila jina, usinifufue na jina la mtu mwingine. Nenda kachape upya."

Kijana alirudisha kadi kwenye bahasha, akaenda. Ijumaa alirudi nayo. Shangazi aliikagua herufi kwa herufi, kidole kikitembea juu ya karatasi, wakati kijana amesimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali.

"Sasa ni sawa," akasema, na kumrudishia. Kisha akatuambia sote wawili tumpishe mlangoni, maana alikuwa zamu ya asubuhi na alikuwa anachelewa.