Kongosho la Kitambaa

Wanafunzi walimwita Mama Rudia, na jina alistahili. Miaka ishirini na mbili alitunza maabara ya chuo cha utabibu, pamoja na lile sanamu la plastiki la mwili wa mtu, lenye kifuniko tumboni. Kila jioni viungo virudi kwa mpangilio: kongosho kwanza, lilale mbele ya uti wa mgongo, wengu ubavuni kushoto, ndipo mfuko wa chakula uje juu yake, ini lifunike kutoka kulia, utumbo mpana upite chini. Ukikosea, rudia. Hata kama basi linakuacha, rudia.

Mwanafunzi mmoja alimchosha roho. Kijana mrefu, haraka zake utadhani kaacha chungu motoni. Siku ya zamu yake alipanga, akafunga kongosho likiwa nje, akaenda zake, nalo likapotea moja kwa moja. Alipoulizwa, alisema kifuniko si kilifunga vizuri, sasa kosa liko wapi? Mama Rudia akashona jingine la kitambaa cha njano, akalijaza pamba, huku akisonya kila sindano.

Sasa miaka imepita, na anayemchosha ni mumewe, fundi viatu. Miezi minne tumbo linamuuma. Zahanati wamesema vidonda vya tumbo, wakampa dawa. Zikiisha, zilezile tena. Na yeye ukimuuliza anasema hajambo, ilhali usiku kucha amekaa kaukumbatia mto kwa sababu kulala chali hawezi. Juzi mkewe akifua akakuta mkanda wa suruali umetobolewa matundu matatu mapya, kwa chombo chake mwenyewe cha kazi. Mama Rudia alikaa chini pale pale kando ya beseni. Aliogopa, na hofu yake ikatoka kama matusi.

Kesho yake alimburuta tena zahanati. Daktari alikuwa yule yule kijana mrefu wa maabara. Hakuinua hata uso; aliuliza kama ni tumbo lile lile, akaanza kuandika dawa zile zile.

Mama Rudia akafungua mkoba, akaweka kile kitambaa cha njano, alichokibeba makusudi, juu ya karatasi ya daktari.

"Daktari, ukitoa mfuko wa chakula, nyuma yake unakuta nini?"

Kalamu ilisimama. Alikitazama kitambaa, akamtazama mama, akakitazama tena.

"Kongosho, mama."

"Basi rudia, mwanangu."

Akainuka, akamwomba mzee alale kitandani, na kwa mara ya kwanza akauliza maumivu yanaelekea wapi. Fundi viatu akamwangalia mkewe kwanza, kisha akapeleka mkono mgongoni. Alipolegeza mkanda, daktari akaona matundu, akauliza ni ya lini.

"La mwisho ni la Jumapili," alisema mzee, kwa aibu.

Daktari akachukua fomu ya kwenda kupigwa picha hospitali kubwa, na juu kabisa akaandika: leo. Mama Rudia akalisoma neno hilo mara mbili. Miezi minne walikuja hapa, kiti hiki hiki, na hiyo "leo" ingeweza kuandikwa siku yoyote.