Mashine ya Kukandia na Karatasi Niliyokataa Kusaini

Neno la kwanza nililoambiwa kazini lilikuwa "Usiguse." Aliyelisema ni Mpishi Mkuu, Mzee Ramadhani, mtu wa Tabora mjini tangu babu zake, na alilisema kabla sijamaliza kumwamkia. Nilikuwa nimetoka nyumbani Itetemia kwa miguu, na cheti cha darasa la nne na kanga ya kuazima. Jiko lilikuwa la nyumba ya wageni ya serikali, karibu na stesheni ya reli. Nisichotakiwa kugusa kilikuwa juu ya meza: mashine nyeupe yenye shingo iliyoinamia bakuli, kama mtu anayenusa mboga.

"Hii ni mashine ya kukandia unga," alisema Mzee Ramadhani. "Kaiacha mke wa bwana mmoja wa reli walipoondoka baada ya uhuru. Ni ya nyumbani, si ya kiwanda. Ukilisahau hilo, utaiua."

Nikaitikia kwa kichwa. Wenzangu wakacheka.

"Huyu binti hana ulimi," alisema mmoja. "Kausahau Itetemia."

Ni kweli nilikuwa na haya. Lakini macho yangu yalikuwa kazini tangu siku ile.

Nyinyi vijana mnaokanda kwa mashine leo, someni hapa polepole, kama ninavyoandika. Unaanza na maji ya vuguvugu, hamira na asali kidogo. Kwetu asali haikosekani, sukari ndiyo iliyokuwa ikipotea. Unga unafuata. Kisha unafunga ndoano, kile chuma kilichopinda kinachokanda badala ya mkono, na unatumia mwendo wa chini. Mwendo wa juu ni wa kupigia mayai ya keki. Kinyunya, yaani ule unga uliokwisha kushikana, kikipanda kwenye ndoano, zima, kishushe, endelea. Kikikaribia kuwa tayari kinaachia bakuli chenyewe. Kata kipande, kivute kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama ngozi ya ngoma. Kisipochanika, kinatosha. Na kila baada ya dakika chache weka mgongo wa kiganja juu ya mashine, pale penye mota. Ukishindwa kuuacha hapo kwa joto, mashine imechoka; ipumzishe. Yetu ilibeba kilo moja ya unga kwa mara moja, basi.

Mwaka wa pili Mzee Ramadhani aliniruhusu kuigusa. Mwaka wa tatu hakuna mwingine aliyeigusa ila mimi.

Zikaja siku za vijiji vya ujamaa, na pamoja nazo akaja Meneja mpya kutoka Dar es Salaam, kijana aliyemwita kila mtu ndugu. Simcheki kwa hilo. Ndugu lilikuwa neno zuri na mimi nililiamini. Ila yeye alilitamka kama mtu anayepuliza filimbi.

Asubuhi moja alitangaza kwamba kuna ugeni unaokuja kukagua vijiji. Watakunywa chai kwetu saa kumi alasiri, na anataka mikate thelathini. Ngano ilikuwa adimu, kwa hiyo tuchanganye nusu kwa nusu na unga wa muhogo.

"Muhogo hauvutiki, Ndugu Meneja," nilisema. Jiko zima liligeuka. Wengine walikuwa hawajawahi kunisikia nikitoa sentensi nzima. "Unakuwa mzito kama udongo wa matofali. Mashine itabeba nusu kilo tu. Unaobaki tukande kwa mikono. Tupo sita."

"Kwa mikono? Wageni waje kukagua maendeleo, watukute tunakanda kwa mikono? Tia kilo tatu."

"Itaungua."

"Mashine haichoki, Ndugu. Anayechoka ni mvivu. Tia!"

"Sitii."

Akavua saa yake, akatia mwenyewe kilo tatu mpaka bakuli likajaa pomoni, akasukuma swichi hadi mwendo wa mwisho. Mashine iliguna. Ikaanza kutambaa mezani. Nikanyoosha mkono kuizima, akanisukuma. Harufu ya waya ulioungua ilikuja kwanza, moshi ukafuata, kisha kimya.

Wageni walikula mikate tuliyokanda kwa mikono. Waliimaliza.

Kesho yake Meneja aliniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa taipu, inayosema kwamba mimi, kwa makusudi, nimeharibu mali ya umma. Chini paliachwa mstari wa saini. Mzee Ramadhani alikuwa amesimama dirishani.

"Saini, mwanangu, yaishe," alisema. "Ukisaini utapewa onyo tu. Usiposaini utafukuzwa, na mama yako ana nani mwingine?"

"Mzee, si ulikuwepo?"

Akatazama nje.

"Nilikuwa stoo," alisema.

Alikuwa jikoni, kando yangu, aproni yake ikigusa mkono wangu. Alikuwa amebakiza miezi tu astaafu. Kila ninachojua katika kazi hii alinifundisha yeye, na simlaumu. Lakini siwezi kuandika hapa kwamba alikuwa stoo.

Niliomba karatasi nyingine. Nikakaa kwenye benchi la nje baada ya chai ya asubuhi, nikaandika mpaka jua linazama, maana kila neno nililiuliza kwanza kama ni kweli. Yalitoka haya: "Mashine haikuungua kwa mkono wangu. Nilisema itaungua. Niliamriwa kutia kilo tatu, nikakataa. Meneja alitia mwenyewe. Nilitaka kuizima, akanizuia."

Meneja aliishika kwa ncha za vidole. "Huu ni mwandiko wa mtoto wa darasa la pili."

"Ni wa darasa la nne, Ndugu Meneja. Naomba uwekwe kwenye faili."

Hawakunifukuza. Walinihamishia Nzega, kwenye jiko la shule ya bweni lisilo na umeme, wakidhani nitaomba radhi nirudi. Nilikanda kwa mikono miaka mingi kuliko niliyokanda kwa mashine. Mabega yangu yanalijua hilo kila masika. Radhi sikuomba.

Siku ya kustaafu nilirudi Tabora kukamilisha karatasi zangu. Ofisa wa utumishi alikuwa kijana mpole, alinipa kiti na shikamoo ya dhati. Alifungua faili langu, akapekua, akasimama kwenye ukurasa mmoja wa rangi ya chai.

"Bibi, hapa hukusaini," alisema, akinipa peni. "Nadhani walisahau. Weka saini nifunge faili, kila kitu kiwe sawa."

Niliusoma wote, polepole, mpaka kwenye ule mstari. Ulikuwa bado mtupu.

"Hawakusahau," nikamwambia. "Hapo pabaki hivyo hivyo. Soma karatasi ya chini yake, nakusubiri."

Karatasi iliyonichukua siku nzima kuandika, aliisoma kwa dakika moja. Kisha akairudia. Halafu akanyoosha mkono taratibu, akaichukua peni yake.