Kadi za Mwalimu Eunike

Eunike alifundisha sayansi katika shule ya msingi huko Masama kwa miaka thelathini na moja. Somo la makundi ya wanyama hakulimalizia darasani. Aliwapeleka watoto kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, wakakamata vyura na kuwageuza tumbo juu. Kadi za wanyama alizichora kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu alianguka akichuma kahawa. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikapooza, na maneno yakampotea yote, likabaki moja tu: "kesho." Akitaka maji, kesho. Akiumwa, kesho. Akimwita Aminieli, mumewe, kesho.

Daktari mjini Moshi aliwaambia wasubiri. Wakasubiri miezi minne. Aminieli alimwosha, akamgeuza, akampikia mtori wa ndizi na kumlisha kwa kijiko. Akienda bandani kukamua, alikiegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe akalia, kwa kuwa huko hakuna aliyemwona. Kilichomtesa zaidi ni macho ya mkewe. Yalimtazama, lakini hakujua kama bado kuna mtu ndani.

Jumatatu moja Eunike akafunga mdomo. Uji akausukuma, mtori akausukuma. Jumanne hivyo hivyo.

"Mama Brenda, kunywa kidogo tu, nakuomba."

"Kesho."

"Kesho utakuwa umekufa!" Aminieli alifoka, kisha akaogopa sauti yake mwenyewe.

Jumatano asubuhi binti yao, Brenda, alipiga simu kutoka Dodoma. "Mwonyeshe vitu vyake vya shule, baba. Jaribu chochote."

Aminieli akatoa zile kadi kwenye sanduku, akazipanga juu ya blanketi. Yeye alikuwa mkulima, somo hilo hakulijua. Alizipanga alivyoona inafaa: wanaoruka pamoja, wa majini pamoja, wenye miguu minne pamoja.

Eunike akatazama. Pumzi zikaanza kumpanda.

"Kesho," alisema. "Kesho! Kesho!"

Mkono wa kushoto ukamwondoa popo kwa kunguru na njiwa, ukambwaga juu ya ng'ombe.

"Popo? Si anaruka huyu?"

Eunike akaligonga titi lake kwa kiganja. Akaligonga tena.

"Ananyonyesha," Aminieli akasema polepole.

Mkono ukaendelea. Nyangumi akatolewa kwa samaki, naye akapelekwa kwa ng'ombe. Kenge akatolewa kwa wenye miguu minne, akalazwa pamoja na nyoka. Chura akawekwa kando, kundi lake mwenyewe. Hakukosea hata kadi moja.

Aminieli akaketi sakafuni. Furaha ilimjia, lakini haikukaa. Kama Eunike aliyajua yote haya, basi alikuwemo siku zote, na alikuwa akisikia. Wiki iliyotangulia Aminieli na mdogo wake, Sirili, walikuwa wamesimama palepale kando ya kitanda, wakibishana kaburi lichimbwe upande gani wa kihamba, shamba lao la ukoo.

"Ulitusikia?" akauliza.

Eunike akaanza kulia bila sauti.

"Nisamehe, mke wangu. Nilidhani umeshaondoka."

Eunike aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka jua likazama. Ndipo akakubali vijiko vitatu vya mtori.

Maneno hayakurudi, na mwaka sasa umepita. Aminieli humweleza kila kitu: ng'ombe aliyezaa, jirani aliyefariki, mvua iliyochelewa. Mgeni akianza kumzungumzia mgonjwa kana kwamba hayupo, humtoa nje, awe ndugu au mchungaji. Lakini ziko siku Eunike hufunga tena mdomo. Siku hizo Aminieli hukaa naye na bakuli mapajani, akimbembeleza kwa Kichagga, mpaka mtori unapoa na kuganda.